Mke wa Mlinzi wa Mtaa

Nilipoolewa kutoka Kilwa Kisiwani nikaletwa Lindi, muda mfupi baada ya vita vya Hitla kwisha, jambo la kwanza alilonifundisha mume wangu halikuwa njia ya sokoni wala nyumba za jamaa zake. Alinifundisha kufunga mlango. Kwetu kisiwani mlango ulikuwa wa kuzuia mbuzi. Hapa palikuwa na komeo kwa ndani, na kwa nje kufuli la shaba ambalo ufunguo wake niliufunga kwenye pindo la kanga kama mtu anayebeba dawa.

"Ukitoka hata kwenda kuchota maji, funga," aliniambia. "Mtaa huu una wezi."

Nilidhani ananitisha kwa kuwa mimi ni mgeni. Wiki haikuisha nikapoteza sufuria mbili nilizoanika uani zikauke. Ua wetu ulikuwa wa makuti, na mtu alitoboa kwa mkono tu, akachukua, akaenda zake mchana kweupe. Nilipopiga kelele, majirani walitoka, wakatazama lile tundu, wakanipa pole, kisha wakaanza kunihesabia ya kwao. Huyu kaibiwa kuku wa kutagia. Yule kaibiwa mikeka ya msibani. Mwingine aliibiwa kanga zikiwa bado zinachuruzika maji kambani.

Mji ulikuwa umejaa. Meli zilikuwa zinashusha matrekta na mabomba ya ule mradi wa karanga uliokuwa unaanzishwa huko bara, na vijana walishuka kutoka kila upande kutafuta kazi. Waliopata walikaa kambini. Waliokosa walilala popote, na asubuhi ilibidi wale. Hayo nayafikiria leo. Siku zile sikuyafikiria. Nilichofikiria ni sufuria zangu.

Wizi ulioniuma kuliko wangu ulimpata bibi mmoja mjane, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa amejiwekea sanda. Bafta nyeupe, ubani, marashi na pamba, vyote amevikunja ndani ya kasha chini ya kitanda ili siku yake ikifika asiwe mzigo kwa mtu. Siku moja mtaa mzima tulikwenda mazikoni. Tuliporudi kasha lilikuwa wazi katikati ya chumba. Yule bibi alikaa barazani na mjukuu wake wa kike, mtoto wa marehemu binti yake, akawa analia kilio kile kile alichotoka kukilia msibani, ila sasa alikuwa anajililia mwenyewe.

Tangu siku hiyo tuliacha kwenda mazikoni sote pamoja. Ikawa tunapeana zamu, wewe kazike, mimi nibaki nitazame nyumba. Maiti wetu walianza kusindikizwa na watu nusu. Askari polisi aliyekuja na daftari aliuliza swali moja: "Mlimwona?" Hatukuwa tumemwona. Akaandika, akaenda.

Wakati huo ndipo nyumba iliyokuwa tupu kati yetu na ya yule bibi ikapata watu. Marehemu mwenye nyumba alikuwa na mpwa wake, mmoja wa wale vijana wa KAR, jeshi la Mwingereza, waliopelekwa Burma, tuliokuwa tukiwaita makeya. Alirudi mzima, akapata kazi ya unyapara wa makuli bandarini, akaja kuishi katika nyumba ya mjomba wake. Mtu mrefu, mgongo wake umenyooka kama aliyemeza mchi. Kwa adabu sikuona wa kumshinda. Akipita barazani atasema shikamoo kwa kila mzee, mmoja mmoja, na atangoja marahaba kabla ya kuendelea. Kukiwa na jeneza, bega lake ndilo la kwanza. Kila mtu alimpenda, hata mimi.

Mkewe alikuwa mtu wa Kiranjeranje, mtoto wa wakulima, Mmachinga kwa kabila. Alikuwa na viganja vigumu vya jembe, na maneno yake ya Kiswahili yalitoka na lafudhi ya kwao, kwa hiyo wanawake wa mtaani walimcheka akiwa kisimani. Mimi sikumcheka, labda kwa kuwa na mimi nilikuwa mgeni. Siku ya tatu alitia mdomo kwenye lile tundu la ua, ambalo mume wangu alikuwa bado hajaliziba, akaniuliza, "Shoga, nyie watu wa mjini mnaishije bila kulima?"

"Tunanunua."

"Na udongo wote huu uani mnaufanyia nini?"

"Tunaufagia."

Alicheka hadi akakaa chini. Kabla ya mwezi kuisha uani kwake palikuwa na mihogo, kunde na mchicha. Kisamvu alinipitishia kwenye tundu. Mimi nilimfundisha kusuka ukili, kazi ambayo vidole vyake vilikuwa vizito kuijua, na mkeka wake wa kwanza ulipinda kama njia ya mlimani. Mume wangu alipotaka kuliziba lile tundu nilimwambia aliache.

Yule keya aliugeuza mtaa siku moja ya Ijumaa, saa ya swala, wanaume wote wakiwa msikitini. Bandarini hapakuwa na meli, akarudi nyumbani mapema. Akamkuta kijana anatoka uani kwetu na pasi yangu ya mkaa mkononi, na kanzu ya mume wangu begani.

Hakumfukuza wala hakupiga kelele. Alimshika, akamtoa barabarani, akaanza kumpiga. Nilikuwa sijaona mtu akipigwa hivyo. Si kwa hasira. Alipiga kwa mpango, kama fundi aliyezoea kazi yake, akijua ngumi hii inakwenda wapi na ifuatayo inakwenda wapi. Watu walirudi kutoka msikitini, wakasimama mduara. Hakuna aliyesema basi. Mkono wa yule kijana ulivunjika, ukawa unaning'inia kama si wake, na hapo watu wakashangilia. Mimi nilipiga vigelegele. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilipiga vigelegele hadi koo likauma, kwa ajili ya pasi.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pao, kiganja kimeziba mdomo. Nilidhani anaogopa damu. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba katika umati ule, ukimtoa yule mwizi, ni yeye peke yake aliyekuwa anaujua uzito wa mkono wa mumewe.

Wizi ulikoma. Sisemi ulipungua. Ulikoma kabisa. Keya aliweka kiti barazani kwake, na kila alipotoka kazini alikaa pale na rungu lake chini ya kiti, akitazama wapitao. Mgeni asiyejulikana aliulizwa anakwenda kwa nani. Kanga zilianza kulala kambani. Kufuli langu la shaba lilipata kutu ya kijani, na mwisho nikasahau ufunguo niliuweka wapi. Tulirudi kuzikana mtaa mzima. Watu wa mitaa mingine walituonea wivu, wakawa wanauliza kama kuna nyumba ya kupanga upande wetu. Na sisi tulijua namna ya kushukuru. Mwezi wa Ramadhani sinia za futari zilipishana mlangoni kwake, na mwalimu wa chuo cha Kurani alimtaja katika dua.

Mara ya kwanza niliposikia ilikuwa alasiri, nimekaa uani nachambua mchele. Nilisikia sauti yake keya, ya chini, kama anayeeleza jambo. Kisha kitu kikaanguka, na baada ya kimya kidogo nikasikia mwanamke anahema. Hakuwa analia. Alihema kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini. Kabla sijapiga hatua nilisikia kutoka upande wa pili, kwa yule bibi wa sanda, mchi unaanza kugonga kinu. Nilishangaa, kwa maana alasiri hatutwangi. Tunatwanga asubuhi. Kesho yake bibi alinikuta kisimani akaninong'oneza, "Ukisikia, mwanangu, twanga. Watoto wasisikie."

Basi nikawa natwanga. Ikianza, nachukua mchi. Siku nyingine sikuwa na nafaka ya kutwanga, nikatia pumba kinuni nikatwanga pumba. Nyumba ya nyuma nayo ikaingia. Ikafika mahali mgeni angepita mtaani kwetu alasiri angesema hawa watu wana chakula kingi.

Mke wa keya mwenyewe, kila nilipomwuliza, alisema ameteleza kisimani, au ameangukiwa na kuni. Nilimkubalia haraka. Nilikuwa nasubiri aseme hivyo ili nami nipumue.

Hayo yalikwenda kama mwaka na zaidi. Kisha asubuhi moja hakuja kwenye tundu. Alikuja mlango wa mbele, amevaa buibui, akapiga hodi kama mtu asiyenijua. Nilipomkaribisha alikaa ukingoni mwa kitanda na kunigeuzia upande mmoja wa uso.

"Kaa huku," alisema. "Sikio lile limekufa. Limetoka damu siku tatu, sasa halitoi kitu wala halisikii kitu."

Nikahamia upande wa sikio zima.

"Shoga, leo nakwenda kwa liwali. Nataka aniachishe. Nikienda peke yangu atakuja yeye na shikamoo zake, na mimi na Kiswahili changu hiki, nani atanisikiliza? Nataka mtu mmoja tu aseme. Usiongeze kitu. Sema ulichosikia."

"Nitasema," nilimjibu.

"Sema wallahi."

"Wallahi nitasema."

Alinishika mkono, akaubana kwa kile kiganja chake kigumu, akaenda zake. Nilikuwa nimesema kweli. Wakati ule natamka, nilikuwa nakusudia.

Shauri likaandikwa, na siku ya kusikilizwa ikapangwa. Habari zilifika mtaani kabla yeye hajarudi nyumbani. Siku ya pili yake, baada ya swala ya alasiri, wanaume walikusanyika barazani kwetu, pale mume wangu alipokuwa anashonea. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na ile cherehani ndiyo ilikuwa mali yetu yote duniani. Nilipeleka kahawa, nikarudi nyuma ya mlango nikasimama.

"Akifungwa miezi sita," alisema mwenye duka la kona, "miezi sita hiyo nani atakaa pale?"

"Hata asipofungwa," alisema mwingine, "mtu akiaibishwa hivyo mbele ya watu atabaki hapa? Atahama."

"Na mwanamke mwenyewe si wa hapa."

Hilo walilikubali wote kwa pamoja, na kwa furaha kidogo, kama watu waliopata kitu kilichokuwa kimewapotea. Mwalimu wa chuo peke yake aliuliza, "Na haki yake yule binti?"

Nikasikia vikombe vikiwekwa chini. Kisha mwenye duka akasema, "Basi tumwonye mumewe. Tumwambie apunguze." Wote wakaona ni shauri jema. Ila ilipofika kuchagua nani ataingia kwa keya kumwonya, kila mtu alikumbuka ana kazi nyumbani kwake. Mwalimu wa chuo naye aliondoka. Hakuna aliyemwonya.

Walipotawanyika mume wangu alikuja ndani. Hakuwa mtu mkali, katika maisha yetu yote hajapata kuniinulia mkono. Alikaa kitini akanitazama.

"Utaitwa," alisema.

"Najua."

"Utasema hukusikia kitu."

"Nimesikia. Hata wewe umesikia."

"Mimi nilikuwa barazani na cherehani inalia. Na wewe ulikuwa unatwanga. Mtu anayetwanga atasikia nini?"

"Nimekula yamini."

"Kafara yake utafunga siku tatu," alisema. "Nitafunga na wewe."

Nilidhani nitakataa. Usiku ule na mchana wa pili nilikuwa bado najiambia nitakataa. Aliyenimaliza ni yule bibi. Alikuja na mjukuu wake, akamtuma mtoto akacheze, akanikalisha karibu naye kama mama.

"Mwanangu, mie nimepata sanda nyingine," alisema. "Nimeisukia mikeka miaka miwili hadi macho yameingia ukungu. Sina nguvu ya kuisukia ya tatu. Unataka nizikwe na kanga kuukuu?"

"Lakini anaumizwa, bibi."

"Sote tulipigwa," alisema, na alisema hivyo kwa upole, akinipapasa goti. "Sote, mwanangu. Umeona tumekufa?"

Siku ya shauri tulikwenda kama tunaokwenda harusini, wanaume mbele, wanawake nyuma. Keya alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mkewe alikuwa upande mwingine peke yake. Kutoka kwao Kiranjeranje hakuja mtu. Liwali alimsikiliza bila kumkatiza, akamwomba ageuze kichwa aone sikio, akalitazama kwa makini. Kisha akamwuliza keya. Keya alisema, kwa heshima zote, kwamba mkewe ni mtu wa shamba, kisima cha mjini kinamshinda, anateleza.

"Nani majirani?" aliuliza liwali.

Bibi alisimama kwanza. Alisema ni mzee, hasikii vizuri. Nyumba ya nyuma walisema hawajui. Mwenye duka alisema yule bwana ni mtu wa watu. Kisha karani akaniita mimi, nikaapa, nikasimama.

Yule mwanamke alinigeuzia lile sikio zima ili asipitwe na neno. Hilo ndilo ninaloliona, hata leo nikiwa napika. Aliinamisha kichwa kidogo upande wangu, kama nilivyozoea kumwona kwenye tundu la ua nikimweleza jambo la kuchekesha.

"Ulisikia nini?" aliuliza liwali.

"Sikusikia, bwana."

"Nyumba zimepakana na ua wa makuti, nawe hukusikia?"

"Nilikuwa natwanga, bwana."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alinitazama kwa muda. Alijua, nadhani. Lakini kujua hakumsaidii mtu pasipo shahidi. Alimwonya keya mbele ya watu wote kwamba mwanamke yule akija tena na jeraha hatakubali habari za kisima. Yule mwanamke naye, liwali alimwambia arudi kwake, na jambo jipya likitokea aje. Tukarudi nyumbani. Njiani wanaume walikuwa wanazungumza habari za bei ya kitambaa. Nilifunga siku tatu, na mume wangu akafunga na mimi kama alivyoahidi, na jua lilipozama tulikula futari yetu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye tundu. Lilikuwa limezibwa kwa makuti mapya, yamefumwa vizuri, kutoka upande wake. Alijifunza ukili kwangu.

Kwa wiki kadhaa sikusikia chochote, nikaanza kujidanganya kwamba onyo limefanya kazi na mimi sikufanya ubaya mkubwa. Kisha siku moja asubuhi, keya akiwa bandarini, yule mwanamke alikwenda sokoni na kapu, akapanda lori la wachuuzi wa korosho, akaenda. Aliacha nguo zake zote. Mihogo alikuwa ameing'oa jana yake, yote, hata iliyokuwa michanga.

Keya alikuja kwetu alasiri. Alisimama mlangoni akatusalimu kwa adabu, akauliza kama nina habari za mkewe. Nilimwambia sina. Alinitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikakaa mbele ya yale macho bila ua wa makuti kati yetu. Akaondoka.

Alisema atahama. Alisema nyumba bila mwanamke haikaliki, heri akapange karibu na bandari. Hapo ndipo mtaa ulipofanya jambo ambalo, kila nikilikumbuka, naona lile langu la barazani kwa liwali lilikuwa mwanzo tu. Walimtafutia mke. Walikaa tena, safari hii si kwetu, kwa mwenye duka, wakaulizana nani ana binti. Kila mwenye binti alikuwa na sababu. Huyu wake ameshaposwa, yule wake bado mdogo, wa tatu wake anaumwa kifua. Aliyebaki bila baba wa kumtafutia sababu ni yule mjukuu wa bibi.

Bibi alilia, lakini alikubali. Waliambiana kwamba atakuwa nyumba ya jirani tu, chini ya macho ya bibi yake, na kwamba mume mwenye kazi ya kudumu hapatikani kirahisi. Siku ya harusi nilipika pilau pamoja na wengine. Binti alikuwa bado na kimo cha mtoto. Alipakwa hina, akatabasamu kwa sababu watu walimwambia atabasamu.

Haikuchukua muda. Alasiri moja niko uani, ikaanza. Sauti ile ile ya chini, kama mtu anayeeleza. Nilisubiri mchi wa bibi. Haukulia. Nilisikia badala yake mlango wake unafunguliwa, na miguu yake mizee inaburuta mchangani kwenda barabarani, na sauti yake anapiga kelele, "Jamani! Jamani, njooni!" Nyumba ya nyuma wakaanza kutwanga. Mimi nilikuwa nimeshika mchi wangu. Sikutwanga, lakini sikutoka pia. Nilisimama nao mkononi hadi kukawa kimya.

Bibi alifariki kabla ya mwaka kuisha. Sanda yake alikuwa nayo. Tulimzika mtaa mzima, hakuna aliyebaki nyuma kulinda nyumba.

Kisha ule mradi wa karanga ukafa, ikafunguliwa bandari kubwa Mtwara, na kazi za Lindi zikahamia huko. Keya alihama nazo, na yule binti akamfuata nyuma na mzigo kichwani. Sikumsikia tena. Tuliingia hofu, tukatoa makufuli, mume wangu akanunua komeo jipya la chuma. Tulingoja wezi. Hawakuja. Vijana wasio na kazi walikuwa wameondoka pamoja na meli, na sisi wenyewe hatukuwa na kitu tena cha kumfanya mtu atoboe ua. Huenda hata tangu mwanzo ilikuwa hivyo, kwamba walikoma kwa sababu zao wakati keya amekaa kwenye kiti chake. Hakuna mtu mtaani aliyetaka kulizungumza hilo. Nilimtajia mume wangu mara moja, akaniambia nisiwe na fikira mbaya.

Siku za mwisho mwisho za Mwingereza nilipata habari kwamba mama yangu amezidiwa, tukasafiri mimi na mume wangu kwenda Kilwa. Lori lilipofika Nangurukuru lilipasuka gurudumu. Abiria tulishuka, na wanawake wa pale wakatuzunguka na vyakula. Mmoja alikuwa amekaa mbali kidogo, nyuma ya sufuria la mihogo ya nazi, hakimbilii mteja. Nilimtambua kwa jinsi alivyogeuza kichwa mtu alipomsemesha.

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. Nilikaa upande wa lile sikio zima. Alinitazama, akaendelea kukoroga.

"Shoga," nilisema.

"Nimekuona tangu unashuka."

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka. Yakatoka yote kwa pamoja, hayana kichwa wala miguu. Nilimwambia habari za mkutano, za cherehani, za yule bibi, za saumu ya siku tatu. Nilimwambia sijapata kulala vizuri. Nililia mbele ya watu. Alinisikiliza kama alivyosikilizwa yeye na liwali, bila kunikatiza.

"Nisamehe," nilimwambia.

Alipakua mihogo kwenye kibakuli, akampa mtoto wa kike aliyekuwa karibu naye, akamwelekeza kwa kidole abiria aliyeiagiza. Ndipo akanijibu.

"Yule mwanamume sikumkasirikia sana. Nilikuwa namjua. Nilikukasirikia wewe, kwa sababu wewe nilikuwa sikujui."

"Na sasa?"

"Sasa nauza mihogo," alisema. "Unataka?"

Nilisema nataka. Alinipakulia, akaniwekea na pilipili pembeni kama nilivyokuwa napenda, na sijui kama alikumbuka au kila mtu anawekewa hivyo. Nilikula pale pale hadi nikamaliza. Gurudumu lilipokwisha kufungwa dereva akapiga honi. Nilisimama, nikasema kwaheri. Alisema, "Mfike salama," maneno tunayomwambia msafiri yeyote.

Ndani ya lori mume wangu aliniuliza nimeona nani hata nikalia vile. Nikamwambia. Alitazama nje, miti ikipita.

"Ana hali gani?" aliuliza. "Kaolewa? Yule mtoto ni wake?"

Nilifungua mdomo kumjibu, nikakuta sijui. Sikumwuliza. Nilikaa mbele ya yule mwanamke tangu gurudumu linafunguliwa hadi linafungwa, na sikumwuliza neno hata moja kuhusu yeye.